Mwenye Gari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Orvil Teague alitoa leso mfukoni na kuufuta mlango wa kushoto wa gari lake la Hudson. Namba 34 ilikuwa imeandikwa pale kwa rangi nyeupe ya viatu, na jua la Carolina, kusini mwa Marekani, likaichoma hadi kivuli chake kikagoma kutoka. Alijua hakitoki. Alifuta hivyo hivyo, kisha akaendesha polepole hadi kiwanda cha viti alikokuwa msimamizi.

Gari lilikuwa lake. Alilinunua jipya baada ya miaka ya kujinyima, nalo lilikuwa la kwendea kanisani. Lakini mashindano ya mwaka ule wa 1951 yalitaka magari mapya, yasiyochezewa, kama yalivyotoka kiwandani, na vijana waliojua kukimbiza gari hawakuwa na magari mapya. Coy Lambeth, kaka wa mkewe Verdie, alijifunzia kazi hiyo milimani, akisafirisha gongo huku polisi wakimfuata nyuma.

"Shemeji, niazime Jumapili moja tu," Coy alimwomba. "Ukiendesha wewe tutafika Krismasi."

Verdie alicheka. Orvil alicheka pia, ila kicheko cha mkewe hakukisahau.

Jumapili moja ikawa kiangazi kizima. Coy alishinda, akashinda tena, na mji mzima ukaanza kusema "gari la Coy". Hata mashabiki wa magari ya Ford, ambao hawakukaa benchi moja na wale wa Hudson kanisani, walivuka kwenda kumpa mkono. Kinyozi alimuuliza Orvil mbele ya wateja, "Leo Coy amekuruhusu kuendesha?" Na mezani Verdie alimwekea kaka yake paja la kuku, Orvil akapata bawa.

Kabla ya mbio za mwisho alikuja mtu kutoka kiwanda cha Hudson, huko Michigan. Alimwahidi Coy kwamba akishinda, msimu ujao kiwanda kitampa gari la kwake. Coy hakutaka kubahatisha. Alilala chini ya gari uani kwa Orvil akapachika kipande cha chuma kwenye springi za nyuma, kama walivyofanya wabeba gongo, ili gari lisilalie upande kwenye kona. Sheria za mashindano zilikataza. Orvil ndiye aliyemshikia taa.

"Tunajua mimi na wewe tu, shemeji," Coy alisema, akipangusa mikono.

Jumapili Coy alishinda. Watu walimiminika uwanjani katikati ya vumbi jekundu, na mtu wa Michigan akamkumbatia kama mwanawe. Orvil, aliyekuwa amevaa tai yake ya kanisani, alisimama kando ya mlango akisubiri picha.

"Mzee, sogea kidogo," mpiga picha alimwambia. "Unaliziba gari."

Alisogea. Miguu ikaendelea kumpeleka hadi kwa mkaguzi wa magari ya mashindano, aliyekuwa akimimina karanga ndani ya chupa yake ya soda, kama walivyopenda watu wa huko.

"Angalia springi za nyuma za namba 34."

Mkaguzi alimtazama. "Wewe ni nani?"

"Mwenye gari."

Kiangazi kizima hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ushindi ulifutwa jioni ile ile. Mtu wa Michigan akavaa kofia yake akaenda kuzungumza na dereva mwingine, na Coy akarudi kuendesha lori la magogo. Bado alikuja kula kwao kila Jumapili.

"Ni wale wa Ford waliotuchoma," alirudia. "Wana wivu wale, hata chakula hakiwashuki. Au siyo, shemeji?"

"Nipitishie chumvi," Orvil alijibu.

Verdie alikuwa kwenye jukwaa la watazamaji siku ile, na alimwona mumewe akienda kwa mkaguzi. Alipika, alifua, aliimba kanisani, majira ya baridi yakapita. Asubuhi moja alitoka na kopo la chakula cha mchana, akamkuta Orvil ameinama mlangoni na leso yake. Alisubiri amalize.

"Nilikuona siku ile," alisema. "Nina swali moja tu, nijibu kweli. Kama ungekuwa umeshinda wewe, ungemwambia mkaguzi?"

Orvil aliikunja leso, akairudisha mfukoni.

"Nisingemwambia."