Bendera ya Nyoka kwa Jirani

Tulipohamia South End, mtaa wa Louisville, huku Marekani, jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa ametundika bendera ya njano kibarazani. Katikati yake alichorwa nyoka aliyejiviringa, ulimi nje, na chini yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Usinikanyage." Mimi niliipita kila asubuhi nikienda kazini ghalani, wala sikuitia akilini. Mama yangu hakuweza kuipita hivyo. Akienda kanisani alizunguka njia ya nyuma, ingawa magoti yalimsumbua.

"Mama, ni kitambaa tu," nilimwambia.

"Hata bale ba kwetu balikuwa na kitambaa tu."

Sikumbishia. Kule Fizi, tulikotoka, wanamgambo waliingia kijijini kwetu na bendera mbele, wakasema wamekuja kutulinda tusikanyagwe na wageni. Walichukua mbuzi, kisha wakamchukua kaka yangu mkubwa. Hakurudi.

Jumamosi moja nilimkuta jirani akikata nyasi. Alikuwa mzee wa Kizungu, mstaafu wa kiwandani. Nilipomuuliza habari za bendera alizima mashine, na nikaona amefurahi kuulizwa. Alisema zamani, nchi hii ilipokuwa makoloni ya mfalme wa Uingereza, kulikuwa na wanamgambo, wakulima na mafundi wa kawaida, waliobeba bendera za nyoka huyo. Ni nyoka wa huku, Ulaya hayupo. Ana njuga mkiani, huzitikisa kuonya kabla ya kuuma.

"Hamchokozi mtu," alisema. "Anataka aachwe."

Mama alikuwa ametufuata, amesimama nyuma yangu. Nikamtafsiria yote.

"Bon, sawa," akasema. "Muulize, nani alikuwa anabakanyaga?"

"Mfalme," jirani akajibu.

"Na bao, habakukanyaga mutu?"

Nilisita kulitafsiri hilo, lakini Mama alinikazia macho, nikalitafsiri. Mzee aliegemea mashine yake.

"Walikanyaga," akasema. "Wengine walikuwa na watumwa shambani wakati huohuo."

Hapo Mama akaanza kusimulia habari za kaka. Sikuwahi kumsikia akizitaja nje ya nyumba yetu. Nilitafsiri sentensi moja moja, na ya mwisho ilinishinda, nikaisema nusu. Mzee alivua kofia. Akasema hakujua kwamba sisi tukiitazama bendera yake, hicho ndicho tunachokiona.

Nilitumaini angeishusha. Hakuishusha, na kwa majuma kadhaa nilimwekea kinyongo. Mama, kinyume chake, aliacha kuzunguka. Akawa anapita mbele ya kibaraza na kumpungia mkono. Nikamuuliza imekuwaje.

"Donc, basi, huyu aliniambia kweli," akajibu. "Bale bengine ba kwetu habakuniambiaka kweli hata siku moja."

Siku hizi naishi Hilliard, mji mwingine upande wa Columbus, na nyoka yule namwona kwenye vioo vya pikapu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja huniambia ni alama ya uhuru. Mwingine, Mmarekani mweusi, akimwona hubadili mazungumzo. Wote wawili nawaelewa. Ninachokosa kukijua ni mwenye gari anamwonya nani, na kama katika hesabu yake mimi ndiye mguu wa kumkanyaga. Basi mimi, nikimkuta barabarani, hupunguza mwendo wa gari langu, nikamwacha apite.