Aliyekaa Akitazama Nyuma

Kwenye basi nina vioo kila upande. Kwenye boti sina hata kimoja. Hilo ndilo jambo pekee linaloniudhi katika mchezo huu, maana mengine yote nayamudu. Siku za kazi naendesha basi la ghorofa, Tottenham. Jumamosi nashika usukani wa boti ya makasia yenye wanawake wanne, mdogo wao akiwa na miaka hamsini na tisa, na sijawahi kugonga kitu, iwe barabarani au majini.

Wapiga makasia hukaa wakitazama nyuma. Mimi hukaa mwisho wa boti nikitazama tuendako, ana kwa ana na mmoja tu, yule anayewawekea wenzake mwendo. Wetu ni mfamasia mstaafu wa Queensbury, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, miaka sitini na tisa, mkali kama pilipili. Namwita dada. Makubaliano yetu ni rahisi: mimi namwambia yaliyo mbele, yeye ananiambia yaliyo nyuma. Nikigeuka kuangalia mwenyewe, boti inayumba.

Asubuhi ya mashindano ya wakongwe, pale mferejini, alinivuta kando kabla hatujateremsha boti.

"Binti yangu anasema it's enough now. Nimemwambia leo tukipitwa, naacha."

"Hatupitwi," nikamjibu. Lakini niliogopa. Katika London nzima sina mtu mwingine wa kunikemea kwa Kiswahili, na nilikuwa nimemzoea.

Boti ziliachiwa moja moja, kila moja ikishindana na saa. Sheria ya mfereji mwembamba haina mjadala: ukifikiwa, unapisha, ukiziba njia, unaongezewa sekunde. Nyuma yetu walipangwa wanawake wa miaka arobaini na kitu, wenye mabega ya kutisha. Kutangulia si kufika, lakini mimi nilitangulia kwa raha zangu.

Tulianza vizuri. Kona ya kwanza niliikata karibu sana na boti za makazi zilizofungwa ukingoni, hadi mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai nje akavuta miguu yake ndani. Hakuwa na haja. Kupima nafasi ndiyo kazi yangu.

Baada ya daraja la pili nikamuuliza dada, "Wako wapi?"

"Mbali."

Nikauliza tena.

"Mbali, nimesema! Keep going!"

Nikaamini, nikabaki katikati ya mfereji. Alikuwa hanitazami, alitazama juu ya bega langu, macho yamemtoka. Ndipo nikasikia maji yakipigwa mgongoni kwangu, na mwamuzi aliyekuwa akitufuata kwa baiskeli ukingoni akipiga kelele tupishe. Kasia lao likagonga letu. Nikavuta kamba ya usukani, nikaipeleka boti kulia, wakapita. Mmoja wao alituomba radhi huku akipita, na hilo liliniuma kuliko kupitwa kwenyewe.

Dada hakupunguza mwendo. Tulimaliza na sekunde za adhabu juu yetu, ila hatukuwa wa mwisho, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Wenzetu watatu walipokwenda kurudisha makasia, tulibaki wawili kando ya boti.

"Nilikudanganya, my dear," alisema. "Niliwaona wanakuja tangu daraja la kwanza."

"Najua."

"Kwa hiyo naacha. Si kwa kupitwa. Wewe ulinipa macho yako, mimi nikakunyima yangu."

Hasira ikanipanda.

"Dada, nisikilize. Mimi ni dereva wa basi. Kila siku, ili asilipe nauli, mtu ananiambia ameibiwa pochi, mwingine ananiletea mtoto wa miaka kumi mwenye ndevu. Nikiwashusha wote wanaonidanganya, nitakuwa naendesha viti vitupu. Ungeweza kutuumiza, ndiyo, na nimekasirika, na nitakasirika mpaka Jumatano. Lakini Jumamosi saa mbili asubuhi nakutaka kwenye nafasi yako, kwa sababu sitaki kukaa nikitazama uso wa mtu mwingine."

Alilia, na mimi nikamwacha alie mpaka wenzetu waliporudi. Kisha akajifuta kwa mkono wa fulana, akainama upande wake wa boti, akaniuliza kama nitaendelea kuhutubia au tutabeba hii boti.