Asali ya Mjomba

Enzi za Mwingereza, huku kwetu Mitundu, kila mzinga wa nyuki ulikuwa na alama ya mwenyewe, iliyochomwa kwa chuma cha moto. Hakuna aliyegusa mzinga wa mwenzake, hata awe na njaa ya namna gani. Mwalimu wetu wa dini alituvunjia adabu hiyo kwa mahubiri ya Jumapili moja tu.

Alisema wazee wasiobatizwa humwaga pombe chini ya mti kabla ya kutundika mzinga, kwa hiyo asali yao ni mali ya shetani, na kuichukua si wizi. Sisi vijana tuliokuwa tunangoja ubatizo tukatumwa porini. Nilikwenda, wala sijisafishi. Bila ubatizo nisingepelekwa chuo cha ualimu, nami ualimu niliutaka kufa na kupona. Nikapanda mti wa mjomba wangu, kaka yake mama, nikarina mizinga yake miwili mpaka ikabaki mitupu. Asali ilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu. Shetani gani huyo ambaye pombe yake ni dhambi, lakini asali yake unailamba mpaka vidole?

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Nilitegemea fimbo. Badala yake akauliza, "Mliwaachia nyuki sega la kula?"

Hatukuwaachia. Mjomba, mpagani wa kutupwa machoni pa mwalimu, hakuwahi kurina bila kuwabakizia nyuki chakula chao. Tulipokwenda kutazama, walikuwa wamehama. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo sijaiombea msamaha.

Jumapili ya kuungama, mwalimu alituita mbele mmoja mmoja. Wenzangu waliungama ngoma na pombe. Zamu yangu ilipofika, nikapaza sauti kanisa zima lisikie.

"Nimemwibia mjomba wangu asali. Aliyenituma ni wewe, Mwalimu, na aliyeila ni wewe."

Watu wakaguna. Akachukua kalamu, akalikata jina langu kwenye orodha ya ubatizo, akaniamuru nikae chini.

"Sikai," nikamwambia, "mpaka uwaambie hawa kwamba ule ulikuwa wizi."

Hakuwaambia. Nikatoka. Ualimu sikuupata, na wizi nauita wizi mpaka leo.