Mawe Yasiyokuwepo Mtoni

Kazini walimwita Mama Lenzi, naye hakuchukia. Alikuwa mtaalamu wa mwanga katika ofisi ya ramani, mrefu, mchache wa maneno. Alikuwa ameachana na mumewe, lakini dada wa mume alibaki meza ya pili, ndani ya chumba kile kile cha giza. Wenzao walilifanya jambo hilo kichekesho. Wao wawili waliongea ya kazi tu, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Filamu iliwekwa mbele ya leza, mwanga ukapita kwenye lenzi na chujio, mikwaruzo ikazuiwa hapo, na picha safi ikatokea upande wa pili. Leza aliichagua wifi, akaipigania mpaka ikanunuliwa.

Siku moja mpimaji wa ardhi aliingia na picha ya mto mkononi.

"Haya mawe mmeyatoa wapi? Nimetoka huko sasa hivi. Hakuna jiwe hata la kumrushia ndege!"

Mama Lenzi aliinamia picha. Hayakuwa mawe. Yalikuwa madoadoa ya leza, kila punje ya vumbi kwenye lenzi imejichorea duara lake. Wifi alishika kitambaa, akaanza kufuta lenzi, ingawa alikuwa amezifuta asubuhi.

Mpimaji alipotoka, Mama Lenzi alisema, "Wifi, tujaribu taa ya kawaida."

"Taa? Uturudishe enzi za koroboi?"

"Mawimbi ya leza yanakwenda sare, kama askari kwenye gwaride. Mmoja akijikwaa, safu nzima inapinda. Ya taa yanakwenda kama watu wanaotoka sokoni, kila mtu na njia yake. Nani atamwona aliyejikwaa?"

"Na picha itapauka."

"Labda."

Walifunga taa mahali pa leza, wakaweka kioo cha ukungu mbele yake, wakapitisha filamu ile ile. Madoadoa yalikwisha. Mto ulionekana laini, kingo zake zimetulia. Lakini wifi naye alikuwa amesema kweli: weupe ulitanda picha nzima kama moshi wa kuni mbichi, na vitu vidogo vikafifia.

Mama Lenzi alivunjika moyo, akanyoosha mkono kuizima taa.

"Acha kwanza," wifi alisema. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. "Tupige mbili. Moja kwa chujio hili, ya pili kwa chujio linalopitisha weupe peke yake. Kisha tuitoe ya pili kwenye ya kwanza."

Iliwachukua wiki nzima kuzilaza picha hizo mbili moja juu ya nyingine bila kupishana. Weupe ulitoweka. Chembechembe chache zilibaki, kwa sababu kila picha ilikuja na zake, lakini mawe hayakurudi. Mpimaji aliipokea picha mpya, akaitazama kwa muda, akaenda zake bila kusema lolote. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa sifa.

Leza ilifunikwa turubai na kusogezwa pembeni. Wifi aliitazama ikisogezwa kama anayemsindikiza mgeni aliyempenda.

Mchana ule walikula meza moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu talaka.

"Kaka anaumwa mgongo," wifi alisema, macho kwenye sahani.

"Mpe pole," alijibu Mama Lenzi, akamsogezea chumvi.