Pazia la Chumba cha Mwanawe

Mume wangu alipougua kiharusi, mkono ulirudi, ulimi ukarudi, lakini usingizi wake haukurudi sawa. Akilala, kifua kinanyamaza. Hakoromi, hakabwi na kitu. Anaacha tu kupumua, kisha anashtuka akihema kama mtu aliyekimbizwa. Daktari alinieleza kwamba njia ya hewa haina shida, ila ubongo ndio unasahau kukiagiza kifua kivute pumzi. Tukapewa mashine ya kuweka kando ya kitanda, na barakoa ya kufunga pua na mdomo. Yeye akisahau, mashine inamsukumia pumzi. "Asilale bila hii," daktari alisema, "hata usingizi wa mchana."

Mzee wangu alikuwa ameendesha malori ya mpakani Malaba miaka mingi, na alipenda mzaha. Akivaa barakoa ananiambia, "Mama watoto, rubani anaondoka." Nacheka, na huku naikagua mikanda ya barakoa mara ya pili.

Sasa, kwetu huku Funyula, mama haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Haingii, basi. Na mama mkwe ndiye aliyebaki naye nikienda kuuza dagaa wa omena soko la Busia. Alikuwa anakaa sebuleni, anaisikiliza mashine kupitia pazia la mlangoni. Nikasema, jamani, si tuhamishie kitanda sebuleni? Lo! Mzee alinifokea. "Sebuleni hulazwa maiti! Unataka kunizika mapema?" Mama yake akamuunga mkono. Haki nilikasirika. Niliwaambia wote wawili ni vichwa vigumu na watanizeesha kabla ya wakati. Kitanda kikabaki chumbani.

Siku moja nilikuwa sokoni. Mzee alikula, akavaa barakoa yake, akalala. Yaliyofuata alinisimulia mama mwenyewe. Mashine ilianza kulia, pii, pii, pii, maana yake barakoa imetoka usoni. Kuirudisha alijua, nilikuwa nimemfundisha kwa kuivalisha kwenye uso wangu. Akasimama kwenye pazia akamwita mwanawe, "Baba! Baba, amka!" Kimya. Akaita tena. Kisha akatoka na miguu yake mibovu kutafuta jirani wa kuingia kwa niaba yake, na majirani walikuwa shambani. Alipompata mmoja wakarudi, mashine ilikuwa bado inalia, na mume wangu alikuwa ameshakwenda.

Nilipofika nilimkuta amesimama pale pale mlangoni, ameshika pazia kwa mikono yote miwili.

"Mama, si ungeingia tu!" nilipiga kelele mbele ya watu. "Ungeingia! Nani angekuua?"

Nilimchukia, sitadanganya. Nilimpikia uji na kumchukia, nikamtandikia kitanda na kumchukia.

Mwili ulipoletwa kutoka mochari tuliuweka sebuleni, mahali nilipotaka kuweka kitanda. Wanawake wa kanisa walikuwa wanaimba. Mama mkwe akaja na kigoda chake, akapita katikati yao, akaketi karibu kabisa na kichwa cha mwanawe, na hakuna aliyemkataza. Akamshika mashavu. Akapapasa juu ya pua, pale barakoa ilipokuwa imeacha alama.

"Baba," akamwambia, "sasa nimefika."