Taa Aliyoipiga Zubery

Zubery Hamadi wa Soweto, Mbeya, alikuwa na sharti moja barabarani: hampigii taa dereva yeyote kumwambia kwamba mbele kuna askari. Alilishika sharti hilo kwa miaka kumi na mmoja. Alilivunja mara moja tu, Alhamisi moja asubuhi, karibu na Nyololo.

Anayepita barabara kuu kati ya Mbeya na Iringa anajua ninachokisema. Unakuja zako, gari linalotoka mbele linakukonyeza kwa taa mara mbili, nawe unaondoa mguu kwenye mafuta. Kilomita moja baadaye unawakuta trafiki na tochi yao ya kupimia mwendo. Unawapita kwa adabu kama mtu anayetoka ibadani, na ukishamaliza kona unakanyaga tena. Huo tunauita utu. Tunauita undugu wa barabarani, na anayeukataa tunamwita mchoyo. Nimewasikia watu wazima, wenye watoto na wenye vyeo katika nyumba za ibada, wakijisifu kwa kuokoana namna hiyo. Sijamsikia hata mmoja akijiuliza yule aliyemwokoa alikuwa anakwenda kumfanya nini mtu aliyeko mbele.

Zubery alijiuliza. Wala hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, mke wake Rukia, mabinti wawili, na gari moja alilolipenda kuliko ilivyopasa mtu kupenda chuma.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1988, nyeupe, milango miwili, pua ndefu iliyolala chini, na taa za mbele zilizofichwa ndani ya boneti. Ukiziwasha zinainuka, ukizizima zinalala na kufunikwa. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa wa Mbozi akalichosha kwenye barabara za vumbi, kisha akalitelekeza katika ua wa nyumba moja pale Soweto. Zubery alilikuta kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Alilifufua kwa miaka miwili, Jumapili kwa Jumapili, siku ambayo duka lilifungwa. Mota ya taa ya kushoto ndiyo iliyomtesa zaidi. Kabla hajaipata kwa muuza vipuri wa Dar es Salaam, gari lilikuwa likiinua jicho moja tu, na watoto wa mtaa wakawa wanalipungia mkono na kuliita Chongo. Lilipopata jicho la pili likawa Gari la Macho, na jina hilo likasafiri mpaka Iringa.

Kwetu gari la namna ile linahesabiwa kuwa la wahuni. Watu waliona milango miwili na pua ndefu, wakajua mwenyewe lazima ni mkimbiaji. Zubery aliliendesha hamsini kwenye makazi na themanini nje ya makazi. Matuta aliyavuka kwa mshazari, taratibu, kwa sababu tumbo la gari lilikuwa chini. Magari ya mizigo yalimpita yakimpigia honi. Mafinga, vijana wanaopanga mbao kando ya barabara walimuuliza siku moja kama lile ni gari au jeneza.

"Jeneza mtachonga ninyi," akawajibu. "Mbao mnazo."

Sasa, taa za gari la kawaida mchana wa jua hazionekani vizuri kwa mbali. Lakini gari linaloinua macho huwezi kukosa kuliona. Kwa hiyo madereva walimtaka Zubery kuliko mtu mwingine yeyote awe mlinzi wao, naye aliwapita macho yakiwa yamefumbwa. Walimtukana. Yupo aliyemwambia mbele ya watu, kwenye kituo cha mafuta, kwamba yeye ni askari aliyekosa sare. Zubery alimaliza kufunga kifuniko cha tangi, akaondoka.

Matusi ya watu baki aliyaweza. Asiyemuweza alikuwa shemeji yake, Nasri, kaka mkubwa wa Rukia, dereva wa lori la mbao anayeishi Mafinga. Nasri alipishana naye mara mbili, na mara zote mbili akaenda kuangukia mikononi mwa trafiki, akalipa faini. Mara ya pili alipiga simu kwa dada yake kabla hata hajairudisha leseni mfukoni.

Shauri hilo lilisikilizwa Iringa, nyumbani kwa Bibi Naima, mama yao, siku ya pili ya Idi, watu wakiwa wamekula na kushiba. Nasri alianza kwa mzaha. Alisema shemeji yake amenunua macho mawili lakini kumuona ndugu hajui. Akasema gari lile Wajapani walilitengeneza likimbie, yeye analiendesha kama amepakia mayai. Watu walicheka, na Zubery naye akacheka. Kisha Nasri akaacha mzaha, akamuuliza kwa nini alimuacha akamatwe.

"Nikikupigia taa, shemeji, sikupunguzii mwendo," Zubery alisema. "Nakupunguzia mwendo mbele ya askari tu. Ukishampita, mwendo wako uko palepale."

Bibi Naima alisema tu kwamba mtu huanza na nduguye, na sheria ni ya serikali. Wote wakaona mama amehukumu vizuri. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mwanamke yule namheshimu, amelea watoto sita peke yake. Lakini barabara haipiti ndani ya ukoo mmoja. Tunafundishana kwamba wema ni kumfaa wa kwetu, halafu tunashangaa maiti zinapohesabiwa kando ya lami.

Mwaka uliofuata Ruwaida, binti mkubwa wa Zubery, akachumbiwa, na siku ya ndoa ikapangwa iwe Jumamosi. Wiki tatu kabla, Nasri alituma neno kwamba hatakuja. Hawezi kukaa kwenye jamvi la mtu asiyemjua kuwa ndugu. Bibi Naima naye akasema asipokuja mwanawe hataondoka Iringa. Fikiria binti anaolewa bila bibi yake mzaa mama na bila mjomba, wakwe wakiangaliana na kuulizana kuna nini katika nyumba hii. Ruwaida hakumlaumu baba yake kwa maneno. Aliacha tu kula mezani pamoja naye.

Rukia ndiye aliyezungumza. Alimkuta mumewe uani akifuta gari, akasimama upande wa pili wa boneti.

"Baba Ruwaida, kaka anataka kitu kimoja. Ukipishana naye umfumbulie macho, basi. Siku moja."

"Hata kama mbele hakuna askari?"

"Si ndiyo itakuwa ujinga? Umpigie akiwepo askari, ajue umemjali."

Zubery alimwambia kwamba anachoombwa si kitu kimoja. Rukia akasema taa ni taa tu, haimwagi damu ya mtu, na mtoto wao anaolewa mara moja. Alikuwa anasema anachosema kila mtu. Mumewe aliendelea kufuta mahali palepale kwa muda mrefu, kisha akasema sawa. Jioni ile Rukia alimpigia kaka yake, na Nasri akasema akiiona taa hiyo atakuja harusini na mama atamleta mwenyewe.

Ikafika Alhamisi ya wiki moja na siku mbili kabla ya harusi. Zubery alikuwa anakwenda Iringa kupeleka vitambaa vya shangazi za bibi harusi. Nasri alikuwa amepakia Mafinga, anakuja upande wa Mbeya, na walikuwa wamepeana habari kwa simu. Saa nne asubuhi, baada ya Makambako na kabla ya kufika Nyololo, Zubery aliwakuta trafiki. Asubuhi ile hawakushughulika na mwendo peke yake. Walikuwa wanasimamisha magari ya mizigo na kukagua breki. Nataka msomaji alishike hilo: walikuwa wanakagua breki. Zubery aliwapita, akavuka Nyololo, akaanza kupandisha. Mbele akaliona lori la Nasri, kichwa cha bluu, linateremka.

Macho ya Celica yakainuka, yakakonyeza mara mbili, yakalala.

Nasri alipiga honi ndefu na kutoa mkono wote dirishani. Aliniambia Zubery mwenyewe kwamba alisikia raha kifuani, raha ya mtu aliyerudishwa nyumbani, na kwamba raha hiyo ndiyo inayomtia aibu mpaka leo. Nyuma ya lori la Nasri lilikuwa linakuja lori jingine, Fuso lililojaa viazi. Alipishana nalo pia. Hakulifikiria.

Nasri alifika kwa trafiki kwa mwendo mzuri. Wakakagua breki zake, wakazikuta nzima, wakamruhusu. Mtu aliyepigiwa taa hakuihitaji.

Aliyeihitaji alikuwa dereva wa Fuso, kijana anayeitwa Lutengano. Breki zake zilikuwa zimeanza kulegea tangu alfajiri na alijua. Alipoona Gari la Macho limefumbua, aliacha lami pale Nyololo, akaingia njia ya vumbi inayopita nyuma ya nyumba, ili awakwepe askari na kutokea ng'ambo yao. Njia ile ina mteremko. Alikanyaga breki mara ya kwanza, akakanyaga ya pili, ya tatu mguu ukaenda mpaka sakafuni. Fuso likatoka njiani likaingia kwenye baraza ya nyumba moja. Barazani alikuwepo mwanamke anayeitwa Evarista.

Zubery aliyajua hayo Jumamosi, akirudi Mbeya, aliposimama Nyololo kunywa chai na kusikia watu wanavyosimuliana. Walimtupia jicho baya, kwa sababu Gari la Macho lilikuwa ndani ya masimulizi yao. Mmoja akamwambia dereva amewekwa kituoni na ameshaandikisha maelezo. Zubery aliacha chai yake, akaenda huko kituoni. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Zubery alipomwambia kwamba gari lililopiga taa ni lake, alifungua jalada akamsomea alichosema Lutengano: kwamba madereva hudanganyana kwa taa, wengine hupiga kwa mzaha, na kama angepigiwa na gari jingine labda angepuuza. Lakini Gari la Macho halijawahi kumpigia mtu taa. Likipiga, basi ni kweli.

Yaani miaka kumi na mmoja ya uaminifu ndiyo iliyolipa neno lake uzito wa kulitoa Fuso barabarani.

"Ni mimi, afande," Zubery alisema. "Niandike."

"Kwani ulimgonga wewe, mzee?"

"Hapana."

"Basi nikuandike nini? Kupigiana taa kila mtu anapigiana. Nenda nyumbani, ukamuombee mgonjwa."

Simlaumu askari yule, hakuwa na mahali pa kumuandika. Nawalaumu waliokuja baadaye kumpoza Zubery, kwa maana wote walikuja na sentensi moja. Nasri ndiye aliyeisema mbele ya watu. Alifika harusini kama alivyoahidi, na Bibi Naima mkononi, na baada ya ndoa kufungwa akaanza kuwasimulia wageni jinsi shemeji yake alivyomfumbulia macho hatimaye. Zubery aliweka chini sahani ya pilau.

"Taa niliyokupa wewe, Nasri, imemkata mtu mguu."

Bibi Naima, kutoka mlangoni, akamwambia mwanangu, si maneno ya leo. Nasri akasema kwa upole, na nadhani alikuwa anamaanisha, "Shemeji, si wewe. Ni breki."

Ni breki. Kila mtu katika jamvi lile aliitikia. Nami nasema ndiyo, ni breki, na breki hizo zilikuwa zimebakiza kilomita tatu tu zishikwe na watu waliosimama juani asubuhi nzima wakizitafuta. Kwenye lami Lutengano alikuwa bado anaendesha polepole nyuma ya lori, akizilea. Angefika kwao, wangemshusha, viazi vingeoza, tajiri wake angefoka. Sisi tukaona hilo ndilo balaa la kumwepusha. Nimewauliza watu watano wa harusi ile, mmoja mmoja, kama wameacha kupigiana taa. Watatu walicheka. Mmoja aliniuliza kama mimi nimeokoka. Na Nasri, aliyeketi kando ya kitanda cha yule mwanamke hospitalini na kumpelekea matunda, bado anapiga taa. Anasema barabarani huwezi kuishi peke yako.

Zubery hajaliuza gari wala halifichi. Analiendesha hamsini kama zamani. Kila mwezi anasimama Nyololo, na halazimishwi na mtu yeyote kufanya hivyo. Mara ya kwanza alipomwambia Evarista yeye ni nani, mwanamke huyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja: je, yule dereva aliyempigia taa alikuwa anamfahamu? Zubery akajibu kwamba aliyempigia alimfahamu. Wa nyuma yake hakumfahamu.

"Na mimi hukunifahamu," Evarista akasema.

Evarista ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za wanafunzi kwenye baraza ile kwa sababu magari hayakuwa yakipita njia ile. Walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Hashoni tena.