Mkono Niliouamini

Kahawa ikishamenywa hulazwa kwenye tangi mpaka ute wake ulegee. Unachota kiasi na kuifikicha kiganjani. Kama bado, inateleza kama sabuni. Kama iko tayari, inakwaruza kama kokoto ndogo. Katika kiwanda chetu pale Kanja, miaka ya sabini, kazi hiyo ya kupapasa tulipewa wawili, mimi na jirani yangu. Chombo cha kupimia hatukuwa nacho. Mikono ndiyo ilikuwa chombo.

Msimu mmoja mikono yetu ikaacha kukubaliana. Yeye alipapasa asubuhi akasema iko tayari. Nilipapasa tangi lilelile nikasikia utelezi.

"Bado," nikamwambia.

"Katekista, unangoja Yesu arudi ndiyo tuoshe?"

Wenzetu walicheka. Mimi nikaanza kumchunguza. Niliona anavyotupia macho njia ya kwake, nikajua anataka kuwahi shamba. Niliona anavyofikicha haraka, nikajua hafikichi kweli. Jioni nilimtaja katika sala, lakini sala yenyewe ilikuwa ya kumshtaki.

Siku ya tatu aliosha tangi moja kati ya mawili nikiwa chooni. Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikasema mtu huyu ataharibu kahawa ya wakulima wote. Meneja aliniamini kwa sababu ya kanisa. Akamwambia akae nyumbani hadi kamati ikutane, na sote tulijua kamati itamfuta kazi.

Tangi lililobaki nililingoja hadi saa tisa alasiri. Lilinuka siki, kama kahawa iliyolala kupita kiasi. Hata hapo nilijiuliza kama hakutia kitu kabla ya kuondoka.

Kesho yake mke wangu alinipa chai, kikombe kikaniponyoka.

"Umetoka kwa ng'ombe hivyo hivyo tena," alisema. "Tangu azae, unajipaka hayo mafuta hadi kwenye viwiko."

Mafuta ya kukamulia. Chuchu za ng'ombe yule zilikuwa zimepasuka, nami niliyapaka mengi kila alfajiri, nikasuuza mikono kwa maji baridi, nikaenda kazini. Nilitazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Utelezi niliusikia kweli, ila haukuwa wa kahawa. Katika shule ya misheni nilifundishwa kwamba macho hudanganywa. Habari za vidole hakuna aliyeniambia.

Nilinawa kwa majivu, nikaenda kumweleza meneja, na kamati ilipokutana nikayarudia yote nikiwa nimesimama.

Jirani yangu alirudi kazini. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzetu, akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akasimama kati yangu na tangi.

"Lete mikono, katekista."

Aliinusa, mmoja baada ya mwingine, kama anayekagua maziwa yaliyolala. Alifanya hivyo kila asubuhi hadi msimu ukaisha, na msimu uliofuata pia. Namshukuru Mungu kwa pua ile. Mwishowe nilizoea kunyoosha mikono kabla sijaambiwa.